Kioo Kisichowaka

Kwa miaka kumi na tisa nimeketi meza ya pili kutoka kwa mwanamke ambaye kazi yake ni kunionyesha nilipokosea. Mwanamume anayelalamika kwamba mkewe humkosoa mara mbili kwa siku, na aje akalie kiti changu wiki moja tu, kisha tuzungumze. Mimi napanga kurasa katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Yeye anasoma prufu, yaani zile nakala za majaribio, na kuzichora alama kabla kitabu hakijaingia mashineni. Ofisi nzima tunamwita Mama Mkato, kwa sababu mkato uliokaa mahali pasipo pake unamkera kuliko deni. Yeye naye ananiita Mpangaji, na mgeni akiuliza mpangaji wa nini, anajibiwa kwamba ni mpangaji asiyelipa kodi wala hataki kuhama.

Nitasema ukweli mapema ili nisije nikaonekana malaika baadaye: amenichosha. Nimewahi kurudishiwa ukurasa mmoja mara sita. Nimewahi kuambiwa mbele ya wateja kwamba nafasi kati ya maneno si shamba, isiachwe ikiota majani. Lakini mwaka ule tulipochapa kadi mia tatu za harusi, kadi ambayo nilikuwa nimeipanga mimi, akaisoma baba wa bibi harusi, akaisoma fundi wa mashine, wote tukaridhika, ni yeye aliyeichukua akiwa amesimama, mkoba begani, anaelekea nyumbani.

"Mpangaji," akaniuliza, "hawa watu wana ugomvi gani?"

Nikamwambia hawana ugomvi, wanapendana.

"Mbona hapa wanatarajia kuuana Jumamosi?"

Herufi moja tu. Niligonga U badala ya O. Tangu siku hiyo nanuna, lakini nanuna kwa heshima.

Shule aliishia kidato cha pili, baba yake alipougua na nyumba ikamtegemea. Akajifunza kupiga taipu, akapata kazi ya kuchapa mitihani ya shule moja, na haikupita miezi mingi walimu wakaanza kurudishiwa mitihani yao ikiwa na masahihisho pembeni kwa kalamu ya risasi. Wengine walikasirika. Mwalimu mkuu alicheka, akamwandikia barua ya kumtambulisha kiwandani kwetu. Alipofika alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa akisoma huku midomo ikicheza bila sauti, kama mtu anayetafuna. Mpaka leo anasoma hivyo. Ana hamsini na nne.

Sasa, miaka minane iliyopita kiwanda kilipata kazi ya kamusi. Si kamusi ya mfukoni, ni kamusi ya kubebwa kwa mikono miwili. Maprofesa wanaandika, mimi napanga, Mama Mkato anasoma. Alianza na herufi A akiwa na nywele nyeusi. Anayejua kamusi za lugha yetu anajua kwamba kivumbi kipo kwenye M, maana watu wote, miti yote na nusu ya matatizo ya dunia huanzia hapo. Tulikuwa tumefika katikati ya M wakati mambo yalipoharibika. Kamusi ile, kwake, haikuwa kazi kama kazi nyingine. Maprofesa wanne walikuwa wanamwandikia barua wakimuuliza "unaonaje", yeye wa kidato cha pili, na barua hizo alizihifadhi kwenye droo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe.

Mambo yaliharibika hivi. Mashine iliyokuwa ikitutolea prufu ilikufa, na Bosi akaamua isizikwe peke yake, akazika na karatasi zenyewe. Bosi ni kijana wa marehemu mwenye kiwanda. Si mtu mbaya, ila ana ugonjwa wa kurudi na neno jipya kila anapotoka semina. Safari hii neno lilikuwa "ofisi bila karatasi". Kuanzia siku hiyo prufu zote zisomwe kwenye kompyuta, alama ziwekwe huko huko, basi.

Mama Mkato alijaribu siku tisa. Niliziona, nilikuwa pale. Dakika kumi za kwanza anasoma. Dakika ya kumi na tano anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nusu saa ikifika ameshika kichwa kwa mikono miwili, na mchana anaondoka akishika ukuta kama mgonjwa. Daktari wa macho alimwambia kuona anaona vizuri, miwani yake ni sahihi, ila macho yamekauka, na kukodolea kioo chenye mwanga mkali kunamzidishia. Akampa matone. Matone yakasaidia kidogo, dakika kumi na tano zikawa ishirini.

Bosi akamwita, na mlango wa Bosi haufungi vizuri.

"Mama," alisema, na alisema kwa upole, "mimi sikufukuzi. Mapokezi pale panahitaji mtu anayejua kuongea na watu. Mshahara ni ule ule. Kamusi nitampa msomaji wa nje, anasoma kwenye kompyuta, anamaliza haraka."

"Herufi M nimefika katikati, bosi."

"Ndiyo, na nakushukuru."

"Nikipata njia ya kusoma bila karatasi na bila kompyuta?"

Nadhani Bosi alikuwa anajaribu kukumbuka kama semina ilisema lolote juu ya hilo. "Ipo?"

"Sijui. Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

Akampa. Kurasa thelathini, kuanzia 318 hadi 347, toka mkaa mpaka mlonge. Azisome bila karatasi, alama ziingie kwenye kompyuta yangu, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi saa nane mchana Bosi aziangalie mwenyewe. Zikiwa safi, kamusi ni yake. Zikiwa na walakini, mapokezi. Mama Mkato alitoka humo ndani amekaza uso, akapita mezani kwangu bila hata kunitania.

"Kesho baada ya kazi usiwe na safari," akaniambia. "Tunakwenda dukani."

Ni daktari aliyemtupia neno. Alimsimulia kwamba ana mgonjwa, wakili, anayesoma mafaili yake kwenye kishikwambi kisichowaka: kioo chake ni cha wino, hakimulikii macho, unakisoma kwa mwanga wa dirisha kama gazeti. Jina la kitu hicho daktari hakulijua. Mama Mkato alikuwa ameandika kwenye kadi ya hospitali: "Kioo kisichowaka. Kipo."

Duka la kwanza muuzaji alimwelewa kinyume. Alimletea tableti inayong'aa kama sinia la harusi, akabonyeza mahali, kioo kikawa cha manjano. "Hii ni hali ya kusomea, mama. Inalinda macho." Mama Mkato alisoma mistari minne, chozi likamdondoka juu ya kioo. Muuzaji akadhani amefiwa, akampa pole.

Duka la pili walicheka. Kitu cha rangi nyeusi na nyeupe, bei ya kitu cha rangi, nani atanunua? La tatu hawakucheka. Muuzaji wake alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, na alipoulizwa juu ya kioo kisichowaka alipangusa mikono kwenye suruali, akaenda nyuma, akarudi na maboksi manne yenye vumbi. Nadhani tulikuwa wateja wake wa kwanza wa maboksi yale tangu ayapokee.

Mama Mkato akavuta kiti mpaka dirishani. Akatoa flashi niliyomwekea kurasa mbili za kamusi. Akatoa miwani. Akatoa na karatasi ya maswali, kwa sababu karatasi ilikuwa imekatazwa ofisini tu.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, chepesi, cha kushikwa kwa mkono mmoja. Muuzaji alikisifia sana kwamba watu hulala nacho. "Mimi sitafuti wa kulala naye," akasema Mama Mkato, "nina mume." Akafungua ukurasa wa kamusi. Safu mbili za maneno zikabanana humo kama sisimizi. Akiukuza ukurasa, anaona neno lakini haoni linapokaa, na kwenye prufu mahali neno linapokaa ni nusu ya kazi. Akakirudisha ndani ya boksi.

Cha pili kilikuwa na rangi. Picha zilipendeza, ila weupe wake ulikuwa kama maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Akakishika juani, akakishika kivulini, akakisogeza mbali, akakirudisha.

Cha tatu kilikuwa kikubwa na chembamba, na kalamu yake imejibana ubavuni kwa sumaku. Hapo hata mimi nilikitamani. Aliandika pembeni ya ukurasa na kalamu ikakwaruza kama iko juu ya karatasi halisi, kale kasauti kadogo, na nikaona mabega yake yanashuka. Muuzaji naye akaona, akaharakisha: "Tena hiki, mama, kinageuza mwandiko wako kuwa herufi za chapa. Andika chochote."

Akaandika: futa mkato.

Kifaa kikafikiri. Kikaandika: fruit market.

"Hiki kina safari zake za sokoni," akasema.

Muuzaji akakohoa, akasema hilo linaweza kuzimwa. Likazimwa. Ndipo Mama Mkato akaniambia, "Mpangaji, jaribu kuzitoa hizo alama zije kwako." Nikaunganisha waya kwenye kompyuta yangu ndogo. Ukurasa ukatoka, alama zikabaki. Tukahangaika nusu saa. Muuzaji akapiga simu kwa mtu, akageuka na uso wa aibu: alama zinakaa ndani ya kifaa, kuzitoa ni mpaka ulipie huduma yao kila mwezi.

"Kila mwezi mpaka lini?"

"Mpaka... basi, kila mwezi."

Alikishikilia bado. Nilijua anakipenda. Kilikuwa kizuri kuliko vyote na mikono yake haikutaka kukiachia. Kisha akakifunga moja kwa moja na kusukuma boksi upande wa pili wa meza. "Alama zangu si za kufungiwa ndani," akasema. "Kinachofuata."

Cha nne kilikuwa kinene, rangi ya jivu, kampuni yake hakuna aliyewahi kuisikia, hata muuzaji aliisoma kwa kusitasita. Kikubwa sawa na cha tatu. Kalamu yake ilikuwa ngumu kidogo. Lakini ukurasa ulikaa wote, safu zote mbili, pambizo pana, na nilipochomeka waya alama zikaja zote, hadi ile nukta aliyoiweka kwa bahati mbaya. Kilikuwa na dosari moja tu: ukifungua ukurasa mpya, kioo kizima kinakuwa cheusi, kinapepesa kama jicho lililoingiwa na kitu, ndipo maandishi yanatokea.

"Hili sitaliweza," akasema. "Kila ukurasa kinanikonyeza. Mimi mke wa mtu."

"Hilo dogo," akasema muuzaji, naye alikuwa ameshatuonea huruma, jua linazama. Akaingia ndani ya mipangilio, akabonyeza mara mbili. "Nimekiweka kiende chapu." Mama Mkato akafungua kurasa zake mbili, moja baada ya nyingine. Zikaja laini, bila kupepesa.

Alilipa kwa akiba ya kununulia kochi jipya. Lile la zamani nalijua, nimeketi juu yake Jumapili nyingi, springi zake zinakuchoma mahali ambapo siwezi kupataja. Mume wake, shemeji yangu huyo kwa heshima ya meza zetu, dereva mstaafu wa malori, alikipokea kifaa kile mikononi, akakigeuza mbele na nyuma, akatafuta pa kuwasha taa.

"Hakina taa," mkewe akamwambia.

"Na hakionyeshi mpira?"

"Hakionyeshi."

"Basi kweli ni cha kazi," akasema shemeji, akakirudisha, akaenda kukaa kwenye springi zake bila kulalamika. Mwanamume yule namheshimu.

Alisoma siku nne. Alihamisha kiti chake mpaka dirishani, miguu juu ya kiti kingine, kifaa magotini, midomo inatafuna. Saa tatu asubuhi mpaka saa saba bila chozi hata moja. Wenzetu walikuwa wanapita kumchungulia kama mtu aliyenunua gari. Jumatano jioni akanikabidhi kurasa zote thelathini zenye alama, akasema, "Nipangie hizi, halafu uniambie habari."

Alhamisi asubuhi nikazifungua.

Kurasa nne za kwanza zilikuwa kama kawaida yake: hapa wingi umekosewa, hapa italiki haikufungwa, hapa umelala Mpangaji. Ukurasa wa 322 nikakuta duara, na kando yake kile kitanzi chake cha kufuta. Ndani ya duara hamkuwa na kitu. Nafasi tupu kati ya neno na neno. Nikakuza ukurasa. Tupu. Mistari sita chini, duara jingine, tupu. Ukurasa wa 323, maduara manne, matupu. Nikaendelea nikihesabu, na mwisho wa kurasa zote nilikuwa na alama sitini na moja za kuniagiza nifute vitu ambavyo havipo. Kama vile serikali inavyokuwa na wafanyakazi hewa, sisi sasa tulikuwa na mikato hewa.

Nilicheka. Lazima niliseme hilo. Nilijiegemeza kitini nikacheka peke yangu, baada ya miaka kumi na tisa, baada ya shamba na majani na mpangaji asiyelipa kodi, Mama Mkato amekosea mara sitini na moja, tena kwa kuona visivyokuwepo. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumtania nayo.

Halafu kicheko kikanikauka. Kesho yake saa nane Bosi angefungua kurasa hizi hizi. Asingeuliza maswali mawili. Mwanamke wa hamsini na nne mwenye macho mabovu anaona mikato hewani, apelekwe mapokezi akapumzike. Na kama ni kweli? Kama macho yamemwishia na sisi wote tumevaa miwani ya mbao? Nilifikiria kuyafuta maduara yale kimyakimya, dakika kumi tu kazi imekwisha, Bosi haoni, yeye hajui. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Lakini kugusa alama za Mama Mkato bila ruhusa yake ni kama kuingiza mkono kwenye mkoba wake. Nikamwita.

"Dada, hapa umezungushia nini?"

Akainama kwenye kompyuta yangu. Macho yakaanza kumlenga machozi papo hapo kwa ule mwanga. "Chembe. Doa. Kitu kama mkato uliofifia, nikakwambia ufute."

"Hakipo."

"Kipo."

"Dada, nimekuza mara nane. Hakipo."

Akaniangalia, kisha akaenda kuchukua kifaa chake, akafungua ukurasa wa 322 moja kwa moja, akatazama. Nikaona rangi yake inabadilika. Kwenye kifaa nako hapakuwa na kitu. Mahali alipochora duara palikuwa peupe, safi kabisa.

"Nilikiona," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Miaka yote ile nilimwona akikasirika, akichoka, akilia hata, siku ya msiba wa mama yake. Kuogopa sikuwahi kumwona. Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama.

Lazima nieleze jambo la kazi yake hapa. Wewe na mimi tukisoma, jicho letu linaruka uchafu. Doa kwenye karatasi hatulioni, tunaona neno. Msomaji wa prufu amejifundisha kinyume chake. Enzi za karatasi, bamba la kuchapia likiwa na mkwaruzo, mkwaruzo unaacha chembe, na chembe isipokamatwa kwenye prufu inachapwa mara elfu tano. Kwa hiyo chembe yoyote isiyo na kazi ukurasani, hata iwe kama mguu wa nzi, Mama Mkato anaizungushia. Haijadili. Mkono unakwenda wenyewe.

"Sitini na moja?" akauliza.

"Sitini na moja."

Akapiga paja kwa kiganja. "Hapana. Mtu hachanganyikiwi kwa mistari iliyonyooka hivi. Maduara yote yamekaa mstarini. Nitasoma kama nilivyosoma."

Akarudi dirishani. Hakufungua 322. Alifungua 318, akaanza kusoma neno kwa neno, midomo ikitafuna, kana kwamba hajawahi kuuona ukurasa ule. Akageuza. 319. Niliona anajilazimisha asiruke. 320. Saa nzima ikapita, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake bila kazi, na kazi ninayo. 321, mstari kwa mstari mpaka chini. Akageuza.

"Njoo," akasema. "Kipo."

Nikainama. Sikuona kitu. Akakilaza kifaa kidogo kuelekea dirishani, akaweka ukucha. Baada ya neno "mkataba", mstari wa tisa, nikaona kitu cha kijivu, chepesi kuliko kivuli cha unywele. Nikapepesa macho, kikapotea. Nikatazama tena, kikarudi.

Akageuza nyuma mpaka 321. Mahali pale pale, mstari wa tisa, palikuwa na mkato. Mkato halisi, wa profesa, halali kabisa. Akageuza mbele: kivuli chake.

Nilikimbia mezani kwangu. Nikachukua ukurasa wa 321, nikaufifisha, nikauweka chini ya 322, na juu yake nikaweka maduara ya Mama Mkato. Kila duara lilikaa juu ya mkato au nukta ya ukurasa uliotangulia. Nikafanya 323. Nikafanya zote. Sitini na moja, hakuna hata moja lililokosea shabaha. Kurasa zangu zote hupangwa kwenye mistari ile ile, kwa hiyo kivuli cha neno kinajificha nyuma ya neno, ila mkato ulioangukia penye nafasi hauna pa kujificha, na kabla ya 321 haukuwepo hata mmoja wa namna hiyo. Na pale mwanzo alipofungua 322 moja kwa moja, hakutokea 321, ndiyo maana hakukuwa na kitu.

Alimpigia muuzaji simu. Akasikiliza, akaitikia, akakata.

"Wino wa ukurasa wa nyuma hautoki wote," akaniambia. "Kule kupepesa ndiko kunakoufuta. Mimi ndiye niliyekataa kipepese." Akabonyeza mara mbili, kifaa kikamkonyeza. "Sasa konyeza utakavyo, baba."

Akaanza upya kurasa zote thelathini, saa tano ya Alhamisi. Chakula hakula. Saa kumi na moja walipofunga ofisi alikuwa 334, akaondoka nacho, na asubuhi mlinzi alimkuta mlangoni kabla ya ufunguo. Saa saba na nusu mchana wa Ijumaa akanipa kurasa. Hapakuwa na duara tupu hata moja. Palikuwa na makosa arobaini na matatu, na mawili kati yake ni ya maprofesa.

Nikamwambia, "Zile za kwanza nazifuta. Bosi aone hizi tu."

"Uzifute kwa nini?"

"Dada, kwani lazima ajue?"

"Akijua mwezi ujao kutoka kwa mtu mwingine, atasema nilimficha." Akachukua kiti, akakiweka mbele ya kompyuta yangu. "Fungua zote mbili."

Bosi alikuja saa nane kamili. Akaangalia za kwanza, nami nikaona shingo yake inalegea kwa huruma, ile huruma mbaya.

"Mama," akasema, "hapa unafuta hewa. Si mara moja. Sitini..."

"Sitini na moja."

"Ndiyo maana nikasema upumzishe macho."

Mama Mkato hakubishana. Akachukua kifaa, akakirudisha kwenye ule mwendo wa chapu, akafungua 321, akageuza 322, akamkabidhi. "Mstari wa tisa, baada ya neno 'mkataba'. Kuna mkato uliofifia. Nitafutie."

Bosi akatazama. Akavaa miwani. Akaenda dirishani, akakilaza, akakiinua, akakisogeza puani. Ofisi nzima ilikuwa imeacha kazi.

"Sioni kitu."

"Tazama vizuri, una macho ya kijana."

Akatazama tena, mpaka jasho likamtoka kipajini. "Mama, wallahi sioni kitu."

"Mpangaji ameuona, kwa kuonyeshwa. Mimi niliuona mwenyewe, na wenzake sitini. Nilidhani ni uchafu wa ukurasa, kumbe ni uchafu wa kioo, na hilo kosa langu, nimelirekebisha, kazi safi ile pale." Akavua miwani. "Sasa hayo macho, mwanangu, unataka kuyapeleka mapokezi yakaone nini?"

Bosi alikaa kwenye kona ya meza yangu, kifaa mkononi. Nilimweleza mistari na vivuli, nikamwonyesha maduara yalivyokaa shabaha. Akasoma yale makosa arobaini na matatu, yote, hadi la mwisho. Alichukua muda. Kisha akampa Mama Mkato kifaa chake kwa mikono miwili.

"Herufi M imebaki kurasa ngapi?"

"Mia moja na kumi na mbili."

"Mpe zote, Mpangaji," akasema Bosi, akaondoka, na mlango wake kwa mara ya kwanza ukafunga vizuri.

Watu walimpongeza, wakarudi kwenye meza zao. Alivuta kiti chake dirishani, akakaa, akavua viatu. Nilimpelekea kurasa mpya kwa waya. Nilidhani atanitania. Hakunitania.

"Niambie ukweli," akasema bila kuinua uso. "Asubuhi ya jana, ulipoona nimekosea. Ulifurahi?"

Ningeweza kudanganya, na pengine ndivyo mtu mwema angefanya. "Nilifurahi," nikasema. "Kama dakika tano. Halafu nikaona aibu, nikaogopa."

"Dakika tano?"

"Tano. Nisamehe, dada."

Kioo chake kikapepesa, ukurasa wa 348 ukatokea.

"Mimi," akasema, akishika kalamu, "ningefurahi mpaka jioni."